Mti Usiotaka Maji

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mchawi, wala sina roho mbaya. Nina kiherehere. Marehemu Baba Dishon alinioa na kiherehere changu, akaishi nacho mpaka akafa. Hata tulipokuwa tukikaa Changamwe, karibu na matangi ya mafuta, majirani walijua kwamba wingu likitanda Nyambura atakuanulia nguo kabla wewe mwenyewe hujatoka ndani. Sasa mtu kama huyo ukimwambia akae tu, asifanye kitu, umempa kazi ngumu kuliko kuvunja mawe.

Na hiyo ndiyo kazi aliyonipa Mama Judi.

Mama Judi ni jirani yangu hapa Junda, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina lake ni Florence, lakini hilo nililiona siku moja tu kwenye kitambulisho chake. Sisi tunaitana kwa watoto wetu. Mumewe, Masha, anakata mawe kule machimbo ya Mwakirunge. Hutoka alfajiri, hurudi jioni mweupe kwa vumbi. Kati ya nyumba zetu kuna ua wa mabati wenye pengo, na kwenye pengo hilo tumepitishana chumvi, sukari, makaa na maneno makali ya kila aina. Mimi nimetoka Othaya, bara kwenye baridi na viazi. Yeye ametoka huko nyuma ya Bamba, nyikani, mchanga na miiba mpaka macho yachoke. Amenizidi miaka minne, na hajawahi kuacha nisahau.

Kiswahili changu hukicheka mpaka leo. Akiniita pale penye pengo nami nikajibu “Nini?”, basi nimekwisha.

“Sema abee, Mama Dishon! Wewe mbona hivyo?”

“Abee ni ya mtoto kwa mamake. Wewe umenizaa lini?”

“Ningekuzaa mimi ungekuwa na adabu.”

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, miaka yote hiyo.

Uani kwake palikuwa na nusu ya pipa, limetobolewa matundu chini, limejaa mchanga aliotoka nao kwao. Ndani yake ulikuwa mti. Mfupi, haunifiki kifuani, shina limevimba chini, ngozi yake laini ya kijivu. Mbuzi hawaugusi, kwa sababu utomvu wake ni sumu. Ukiushika unanawa kwa sabuni. Mwaka mzima hukuuona una maana yoyote. Halafu inafika Machi, jua limekausha kila kitu, na mti huo hauna hata jani moja, ghafla unatoa maua mekundu yenye weupe katikati, mengi, kwenye matawi matupu. Watu walikuwa wakisimama njiani. Wauza maua wanauita waridi la jangwani. Mama Judi aliuita mti wa mama.

Kwao, upande wa mamake, binti akiolewa hukatiwa tawi la mti huo akapande kwake. Wala si kukabidhiwa tu kama mtu anavyopewa mche wa mpapai. Mama husimama na tawi, humwita binti kwa jina lake. Binti huitika, “Abee, mama,” kisha hutandaza leso juu ya mikono yake miwili na kulipokea. Bila hivyo, aliniambia, hilo tawi ni kuni. Yeye alikatiwa na mamake, na mamake alikatiwa na bibi, na kurudi nyuma mpaka anaposhindwa kutaja majina. Zamani miti hiyo ilikuwa imejaa kule nyikani. Wakaja watu na pikapu, wakaing'oa na mizizi yake wakaenda kuiuza kwa bustani za mahoteli. Mama mtu alipofariki, shambani kwake hapakuwa tena na hata mmoja. Uliobaki ni ule wa kwenye pipa.

Na Judi, binti yake wa pekee, alikuwa ameshachumbiwa na Clifford, kijana mpole wa kiwandani Changamwe. Harusi ilipangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Mwezi wa Januari dada yake Mama Judi akaanguka kule Bamba akavunjika nyonga. Mama Judi akafunga mzigo kwenda kumuuguza. Asubuhi ya kuondoka akanivuta mpaka kwenye pipa.

“Mama Dishon, nisikize kwa masikio yote mawili. Kuku wangu uwape chakula. Mchicha umwagilie, na ukichuma, chuma kwa kiasi. Lakini mti huu usiuguse. Utaangusha majani yote. Uache. Utakaa kama umekufa. Uache. Nisije nikasikia umeutilia maji, hata ya kunawa mikono!”

“Mti usiotaka maji? Ebo! Umeona wapi?”

“Unayataka, lakini si sasa. Mchangani kwetu kiangazi ndio usiku wake. Umelala. Mtu aliyelala ukimmiminia maji mdomoni yatampalia.”

“Sawa.”

“Sema sawa na moyo nao ukubali.”

“Sawa, jamani! Nenda, gari litakuacha.”

Nilikubali kwa moyo, haki ya Mungu. Siku nane nilikubali.

Lakini nyinyi mjue nilikotoka. Baba yangu alikuwa na kahawa na viazi, na kwetu mmea ukiangusha majani unalia kiu. Tulilelewa hivyo. Ukipita kitu kimenyauka ukakiacha, unaulizwa una moyo wa namna gani. Na jua la mwaka ule lilikuwa kali, mabati yalikuwa yakilia mchana kutwa. Kila nikienda kuwapa kuku chakula, ule mti umesimama pale uchi, ngozi imekunjamana, na mimi nina mtungi mkononi. Nikajiambia, huyu mwanamke amezaliwa ukameni, amezoea kuona vitu vikiteseka. Nikajiambia, Judi anaolewa baada ya Pasaka, na tawi gani litakatwa kwenye kijiti hiki?

Siku ya tisa nikaupa maji. Wala si ya kisima, yale ya Junda yenye chumvi. Niliupa maji matamu ya kununua, ya mkokoteni, ninayopikia chai. Jioni nikauongezea. Kesho yake nikachota beseni zima la ule mchanga nikaumwaga kando ya jiko langu, na mahali pake nikashindilia udongo mweusi na mbolea ya mbuzi. Masha alipita jioni, akaangalia, akaenda kuoga.

Baada ya wiki mbili ukatoa majani. Majani makubwa, mabichi, yanang'aa! Niliwaita watu waje waone. Nilijisifu mpaka nikajichosha. Nikawa najipangia nitakavyomsuta Mama Judi akirudi: haya, mama wa nyika, nani mjuzi sasa?

Majani yakageuka manjano wiki ya nne. Nikadhani njaa, nikaongeza mbolea. Ndipo asubuhi moja nikashika shina, na kidole kikazama ndani.

Ngai! Mungu wangu! Kilitoka kidole kimelowa, kinanuka. Nikaangalia huku na huku, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, kama mwizi wa kuku.

Nikaung'oa wote, nikaufunga kwa leso, nikaupeleka kwa Ngumbao. Huyu ana kitalu cha miche kando ya barabara ya Bamburi, na mambo ya maua anayajua. Akaufunua, akaguna.

“Shangazi, nani aliyekuwa akiunywesha huu?”

“Watu,” nikasema.

Akachukua kisu. Akakata mizizi, yote nyeusi. Akakata shina, ndani uji. Akapanda juu akikata, na kila kipande nilichokiona kikianguka nilikuwa nikimwomba Mungu kiwe cha mwisho. Alipofika juu kabisa ndipo akapata nyama nyeupe, safi. Kikabaki kijiti kimoja, urefu wa shibiri moja. Akakata na kile kichwa chake, kidogo kama kidole, akakitupa kando.

“Hiki ukining'inize kivulini wiki mbili, kidonda kikauke. Kisha mchanga mkavu, na usikiguse. Kikitoa majani, kipe maji kidogo. Yakianguka, kiache. Kile cha juu tupa tu, hakina nguvu.”

Kiherehere hakikuniacha hata pale. Nikakiokota kile kidole, nikakitia kwenye mkoba.

Halafu Ngumbao akaniona nilivyosawijika, akanionea huruma. Akanipeleka nyuma ya kitalu. Kulikuwa na mti mwingine, wenyewe hasa, shina lile lile, umbo lile lile, ungekaa kwenye pipa na hakuna ambaye angejua. “Chukua huu, Shangazi. Mwenyewe hatatambua.” Nami niliushika. Sitasema uongo, niliushika na nikaanza kupiga hesabu ya namna ya kuubeba. Nikamuuliza tu, kama mtu anayeuliza habari, “Mmeutoa wapi?”

“Nyika za huko Bamba. Kuna vijana wananiletea kwa pikapu. Siku hizi hata hawaipati, imekwisha.”

Nikauweka chini. Nilirudi Junda na kijiti changu cha shibiri moja.

Masha alinikuta jioni nikikining'iniza barazani kwake, penye kivuli. Mwanamume huyo akisema maneno kumi kwa siku, tisa ni salamu. Akatazama kijiti, akatazama pipa lisilo na mti.

“Utamwambia wewe,” akasema. “Mimi simo.”

Mama Judi alirudi wiki moja kabla ya harusi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu siku kumi nzima, maneno mazuri, yenye utangulizi. Nikamkuta amesimama mbele ya pipa, mkoba ungali begani, na maneno yote yakanitoka.

“Niliutilia maji,” nikasema. “Ukaoza. Kimebaki kile pale. Ni mimi, si mtu mwingine.”

Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari anirushie hata mkoba. Aliingiza mkono ndani ya pipa, akachukua ule udongo mweusi, akauviringisha kati ya vidole vyake.

“Mchanga wangu uko wapi?” akauliza.

“Niliutoa.”

Akapangusa mkono kwenye nguo yake, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Mlango haukupigwa hata kidogo. Nikarudi kwangu nikalia mpaka chai ikapoa.

Siku ya harusi nilijikalisha nyuma ya nyumba na masufuria. Nilimenya viazi vya pilau tangu watu walipotoka kanisani, kwa kuwa viazi navijua na viazi havinijui vibaya. Lakini wakati wa tawi ulipofika, nilisimama kwenye kona nikachungulia. Mama Judi alikishika kile kijiti kikavu, hakina jani wala ua, na wageni wa Clifford walikuwa wakitazamana kuuliza ni nini.

“Judi,” akaita.

“Abee, mama.”

Judi akatandaza leso mikononi, akakipokea. Kisha akamnong'oneza mamake, nami nilikuwa karibu, nikasikia. “Kikishika, mama, nitakukatia nikuletee.”

“Mtoto hamkatii mamake,” Mama Judi akajibu. “Wa kunikatia mimi alikuwa mmoja, na amekwenda. Wewe nenda nacho kwako kwa amani.”

Akatabasamu na kupiga vigelegele kama mama yeyote wa bibi harusi. Mimi nilirudi kwenye viazi vyangu na kisu kikanikata.

Tangu siku ile Mama Judi akawa na adabu kwangu. Nyinyi hamjui hilo ni jambo gani! “Hujambo, Mama Dishon?” Sijambo. “Nyumbani?” Salama. “Haya.” Basi, kila asubuhi hivyo hivyo, kama tumekutana kwa mganga. Hakukuwa na matusi wala kucheka Kiswahili changu. Chumvi yangu ikiisha nilikwenda dukani. Ua ulikuwa ule ule na pengo lilikuwa pale pale, lakini hakuna mkono uliopita. Mumeo akifa watu huja kukupa pole. Rafiki yako akikupa salamu safi za namna ile, utamwambia nani?

Kile kidole alichokitupa Ngumbao nilikipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nililitoboa chini. Mchanga niliuchota pale kando ya jiko nilipoumwaga, mchanga wake wa nyikani, nikaupepeta na kuuanika. Kopo nikaliweka nyuma ya nyumba, penye jua, mahali asipopaona mtu. Sikumwambia yeyote. Ningemwambia nini? Kwamba nimeiba na mabaki?

Mvua za Aprili zilipokuja nikalisogeza chini ya paa. Mwezi wa Juni kikatoa majani mawili, nikakipa maji nusu kikombe, nikatembea kwenda barabarani na kurudi ili nisikipe tena. Hivyo hivyo mpaka Desemba. Desemba majani yakaanguka.

Hapo ndipo nilipoijua kazi. Kila asubuhi mkono wangu ulikwenda kwenye kata ya maji wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Nikaanza kufuma. Nilifuma sweta mbili nzito hapa Mombasa, Januari, jasho linanichuruzika, sijui za nani. Kijiti kilikunjamana, kikawa kama kimekufa. Nikakaa. Nilikuwa nikikiangalia huku nikijiambia, kimelala, Nyambura, kimelala, mwache mtu alale. Nikawaza jinsi mamake Mama Judi alivyokaa hivi, na mama wa mamake, kiangazi baada ya kiangazi, wanapita na maji wakijua kuyapeleka kwingine. Mimi nilidhani ni watu waliozoea kuona vitu vikiteseka. Hapana. Ni watu waliojua kungoja, nami nilikuwa sijui.

Wiki ya pili ya Machi, nilitoka kuanika nguo nikakuta kichwani pale pamevimba vitu vidogo vitatu, vyekundu. Siku ya tano kimoja kikafunguka.

Nilioga. Nikavaa gauni la kanisani. Nikabeba kopo kwa mikono miwili, na sikupitia kwenye pengo. Nilizunguka mbele, kama mgeni, nikapiga hodi.

Mama Judi alikuwa uani akichambua mchicha. Pipa lake lilikuwa tupu, limeinamishwa ukutani. Aliinua uso na salamu yake ya adabu ikiwa tayari mdomoni, akaliona kopo. Mchicha ukamwanguka mapajani.

“Ni kile cha juu,” nikasema, na maneno yakanitoka mbio. “Ngumbao alikitupa, mimi nikakiokota, mchanga ni wako, ule nilioutoa, na sikukitilia maji, Mama Judi, tangu Desemba sikukitilia hata tone, uliza mtu yeyote, hapana, usiulize, hakuna anayejua. Si changu. Nimekurudishia.”

Hakunyoosha mkono. Aliliangalia ua, kisha akaniangalia mimi, gauni na viatu.

“Tangu Desemba?” akauliza.

“Nilifuma sweta mbili.”

Mdomo wake ukacheza kidogo. “Siwezi kuuchukua hivyo,” akasema. “Mti huu hauchukuliwi hivyo.”

Akainuka, akaingia ndani. Nikabaki nimesimama na kopo langu, uso umeniwaka. Nikasema moyoni, haya, Nyambura, umejibiwa, liweke chini uende zako. Nilikuwa nimeshainama ndipo nikasikia mlango.

Alikuwa amejifunga leso mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na kipande chake cha pili amekitandaza juu ya mikono yake miwili. Akaja akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

“Haya,” akasema. “Niite.”

“Mama Judi...”

“Aa! Mama humwita mwanawe Mama Judi? Niite jina langu.”

Mtu amenizidi miaka minne, jamani.

“Florence.”

Akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yenye leso.

“Abee, mama.”